Nimeshiba

Kuna neno dogo tunalolisema mlangoni kwa watu bila kufikiri: "Nimeshiba." Mara nyingine ni kweli, mara nyingine ni adabu tu. Lakini lipo "nimeshiba" ambalo ni ukuta.

Familia moja kutoka mashariki mwa Kongo ilipohamia mtaani kwetu, jumuiya yetu haikulala. Tulichanga unga, mchele, sabuni na nguo, tukapeleka, tukaomba pamoja nao, tukarudi tukimshukuru Mungu. Wiki chache baadaye nilipita pale nikawakuta wanakula. Mama mwenye nyumba akaniita kwa Kiswahili cha kwao, "Karibu tukule." Kwenye sinia palikuwa na ugali na mboga nzito ya kijani, inang'aa mafuta mekundu. Sikuitambua. Nikasema, "Ahsante mama, nimeshiba." Nilikuwa na njaa, naye alijua.

Usiku ule nilimkumbuka Petro. Kule Kaisaria aliingia nyumbani kwa Kornelio, mtu wa mataifa. Aliporudi Yerusalemu, ndugu walimlaumu kwa kula na wasiotahiriwa. Siku hiyo alijitetea vizuri. Lakini baadaye, kule Antiokia, walipofika watu kutoka kwa Yakobo, aliogopa akajitenga na meza ya watu wa mataifa. Paulo akampinga mbele ya wote. Hatusomi kwamba Petro alibadili mahubiri yake; alibadili meza tu. Hata hivyo Paulo aliona kwamba Injili yenyewe imeguswa.

Je, haitoshi kuwapa watu chakula? Kutoa ni agizo la Bwana, tusiache. Lakini anayetoa siku zote hubaki juu, na anayepokea siku zote hubaki chini. Nikikupa unga, nimekusaidia. Nikila ulichopika, nimekiri kwamba nawe una cha kunipa. Bwana wetu, pale kisimani Sikari, alianza kwa kumwomba maji mwanamke Msamaria, ingawa Wayahudi na Wasamaria hawakuchangamana. Na wale sabini aliowatuma, aliwaagiza wale watakachoandaliwa.

Wapo wasioweza kula kila kitu, kwa sababu ya ugonjwa au ya dhamiri. Hao na waseme ukweli, kisha waketi. Mimi sikuwa na sababu hiyo. Niliogopa tu chakula nisichokijua, na watu niliodhani nimekwisha kuwapenda.

Jumamosi iliyofuata nilirudi mchana, nikamwomba yule mama radhi, kisha nikamwomba mboga yake. Nilipoonja, nikacheka: kilikuwa kisamvu! Wao wanakiita sombe, wanakipika kwa mawese. Sisi wa Tanga tunakipika kwa nazi. Jani ni lile lile la muhogo. Akaniuliza tunavyokitwanga kwetu, nami nikamweleza. Ndipo, kwa mara ya kwanza, akanisimulia habari za shamba walilolikimbia. Siku ya kupeleka unga hatukuwa tumemuuliza.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni nilikuwa mimi, na aliyepona ni mimi.

Nawe mpendwa msomaji, ni nyumba ipi umewahi kuipelekea chakula, lakini hujakubali kula humo?