Anachodai Anayeuguza

Kiapo cha udaktari, tangu kile cha Hippocrates hadi Tamko la Geneva la mwaka 1948, humfunga daktari kwa mgonjwa wake. Hakimtaji binti anayemgeuza mama yake kitandani usiku, wala mume aliyeacha kibarua ili amuogeshe mkewe aliyepooza. Je, mtu asiye na faili hospitalini anamdai daktari chochote?

Wengi hujibu kwamba kuuguza ni jambo la familia, na dini zinawaunga mkono: Qurani inautaja wema kwa wazazi mara baada ya ibada ya Mungu mmoja, na kuwaheshimu wazazi kumo katika Amri Kumi. Lakini dini hizohizo hazimtwishi mtu mmoja mzigo wote. Katika Kutoka sura ya 18, Yethro anamkuta Musa akiamua mashauri ya watu peke yake kutwa nzima, anamshauri agawe kazi asije akadhoofika. Fikihi ya Kiislamu nayo ina faradhi ya kifaya, kama kumwosha na kumzika maiti: wakiitimiza baadhi, wengine wamesalimika; ikiachwa, dhambi ni ya wote. Jamii inayobanwa hivyo kwa ajili ya maiti haina udhuru mbele ya jirani aliye hai anayeishiwa nguvu.

Mwanafalsafa wa Marekani Eva Feder Kittay, katika kitabu chake Love's Labor cha mwaka 1999, anakwenda mbele zaidi. Anayemtunza asiyejiweza, asema, naye huwa tegemezi, maana muda na nguvu zake zimekwenda kwa mwingine. Kwa hiyo haki inadai awepo wa kumtunza yeye. Mfano wake ni mama aliyetoka kujifungua, na watu wa Pwani wanaujua kwa vitendo: katika siku arobaini mzazi huhudumiwa ili apate kumhudumia mtoto. Anayeuguza mgonjwa wa kiharusi mwaka baada ya mwaka hana arobaini yake.

Deni hilo ni la wote, ila daktari ndiye mara nyingi anayemwona mdai. Anayeuguza ndiye hushika kadi ya kliniki na kueleza dawa zilivyotumika. Mwenyewe hatajitaja, kwa kuwa kulalamika kunafanana na kumchoka mzazi. Basi aulizwe yeye: analala saa ngapi, nani humpokea, ameacha kazi gani? Nchini Tanzania majibu hayo yanaweza kumfikisha kwa afisa ustawi wa jamii, anayeshughulikia pia msamaha wa malipo ya matibabu, kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au kwa kitengo kilichopo cha tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Kumwambia tu "nenda ustawi wa jamii" si rufaa. Rufaa ni karatasi yenye jina la anayemwendea, simu iliyokwisha kupigwa, na swali kliniki ijayo: ulipokewa? Nchini Uganda, shirika la tiba shufaa la Hospice Africa, lililoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, huwafuata wagonjwa majumbani, na huko anayeuguza haonekani tena kama msindikizaji.

Inabaki siri ya mgonjwa. Mgonjwa ana haki ya kukataa habari zake zisitolewe, na kwa kawaida daktari hana budi kuiheshimu. Lakini uchovu wa binti ni habari ya binti mwenyewe. Akiridhia, unaweza kuandikwa na kupelekwa panapohusika bila kuutaja ugonjwa wa mama.