Haki ya Mtazamaji

Ewe msomaji kijana, kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na punda milia, huandama mvua na majani kutoka Serengeti mpaka Maasai Mara. Kati ya Julai na Oktoba huvuka Mto Mara wenye mamba. Maelfu huzama, na mizoga yao hulisha samaki na tai. Watu hutoka mbali kuutazama msafara huo, wala kutazama si kosa. Fedha za wageni husaidia kuilinda mbuga.

Lakini magari yakisongamana ukingoni, kundi hushtuka na kurudi nyuma, au hulazimika kuvukia penye genge refu. Je, aliyelipa kiingilio amenunua na njia ya mnyama? La. Amenunua ruhusa ya kuona, hakununua mto. Utasema, "Gari langu ni moja tu." Kila mtu asema hivyo, na magari hayo ya moja moja ndiyo yafanyayo ukuta.

Basi, ukijaliwa kwenda, simama mbali, nyamaza, ngoja. Huenda ukarudi bila kuona kitu. Usihuzunike: mgeni mwema hamzibii mwenyeji mlango ili apate kumtazama vizuri.