Amana ya Mwonyesha Njia

Miongoni mwa maswali ya kale yanayozikutanisha dini na falsafa ni hili: mtu asiyeijua njia, na asiye na namna ya kuipima kabla ya kuipita, ana haki gani ya kumwamini anayemwelekeza, na huyo anayemwelekeza ana wajibu gani kwake? Swali hilo hujadiliwa zaidi kwa mifano ya nabii na umma wake, mwalimu na mwanafunzi, au shahidi na kadhi. Hata hivyo limo pia ndani ya mitambo ya mawasiliano inayotumika kila siku katika shule, zahanati na ofisi za nchi ya chai ya Kericho na Bomet, Kenya, na humo limejibiwa kwa namna inayostahili kuchunguzwa na mtu yeyote anayejali maana ya kuongoza.

Mtandao wa kompyuta wa mahali pamoja, mathalani ule wa shule iliyo jirani na soko la Kiptere, huungana na dunia ya nje kupitia ruta, yaani mtambo unaopokea pakiti, ambazo ni vipande vidogo vya data, na kuzipitisha kuelekea zinakokwenda. Kompyuta au simu inayojiunga na mtandao huo kwa mara ya kwanza haijui ruta iko wapi, na isipoijua haiwezi kutuma neno lolote nje ya ukuta wa shule. Kwa sababu hiyo ruta huendesha programu ya chinichini, yaani programu isiyo na dirisha wala kitufe, inayoanza mashine inapowashwa na kufanya kazi pasipo mtu kuiita, ambayo kazi yake ni kutangaza kila baada ya muda kwamba ruta ipo na iko tayari kupokea safari. Katika mifumo ya Linux programu inayojulikana zaidi kwa kazi hii huitwa radvd, na katika baadhi ya mifumo ya jamii ya BSD huitwa rtadvd. Itifaki yake, yaani kanuni za mazungumzo hayo, iliandikwa kwanza mwezi Septemba 1991 kwa ajili ya toleo la nne la itifaki ya intaneti, na katika toleo la sita, IPv6, ikawa sehemu ya msingi ya mfumo, kwa maelezo yaliyorekebishwa mwaka 2007.

Kifaa kigeni kinapoingia kinaweza kusubiri tangazo, au kinaweza kuuliza mara chache, kwa kawaida kisizidishe tatu, kama kuna ruta karibu; na kikipata jibu hukubali palepale, kikaifanya ruta hiyo kuwa njia yake ya kutokea. Hakina ushahidi mwingine, wala hakina historia na msemaji. Hapa ndipo swali la falsafa linapojitokeza likiwa tupu, kwa kuwa mwanafalsafa wa Uskochi David Hume alishikilia mwaka 1748 kwamba ushuhuda huaminiwa kwa kadiri tu uzoefu ulivyoonyesha kuwa mashahidi wa aina hiyo husema kweli, ilhali Mskochi mwenzake Thomas Reid alijibu mwaka 1764 kwamba binadamu ameumbwa na mwelekeo wa kuamini anachoambiwa, na kwamba pasipo mwelekeo huo mtoto asingejifunza chochote. Mgeni asiye na uzoefu hawezi kufuata sharti la Hume, kwa sababu uzoefu wenyewe hupatikana baada ya kuamini mara ya kwanza. Imani ya mwanzo, basi, haiepukiki; na jambo linalofuata kutoka hapo ni kwamba, pale msikilizaji asipoweza kupima, uzito wote wa ukweli humwangukia msemaji. Kuaminiwa na asiyeweza kuhakiki ni kukabidhiwa amana, na amana humdai aliyeipokea kabla ya kumdai aliyeitoa.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu waliliona jambo hili walipojadili kibla, yaani uelekeo wa Makka ambao kila mwenye kusali lazima aukabili. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Waswahili, na katika kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, asiyeweza kukijua kibla kwa yakini hukubali neno la mtu anayeaminika anayesema kwa elimu, wala mwenye uwezo wa kukijua mwenyewe haruhusiwi kumfuata mwingine kwa uvivu. Masharti ya msemaji ni mawili, elimu na uaminifu, na wala moja haliwezi kusimama mahali pa lingine, kwa kuwa mjuzi asiye mwaminifu hupoteza watu kwa kusudi na mwaminifu asiye mjuzi huwapoteza kwa nia njema. Torati nayo, ambayo Wakristo wa Kericho huisoma makanisani mwao, humlaani katika sura ya 27 ya Kumbukumbu la Torati yule anayempotosha kipofu njiani, na ukali wa laana hiyo unatokana na ukweli kwamba kipofu hakuwa na hiari ya kutomwamini aliyemshika mkono.

Itifaki ya matangazo ya ruta imeyabeba masharti kama hayo ndani ya vifungu vyake. Sharti la kwanza ni kwamba anayetangaza njia awe anapitisha watu kweli: radvd hukagua kama mashine imeruhusiwa kupitisha pakiti za wengine, na ikiwa haijaruhusiwa hutoa onyo, kwa sababu tangazo la ruta isiyopitisha chochote huita watu mlangoni pasipo njia. Sharti la pili ni kwamba kauli iwe na mwisho. Kila tangazo hubeba muda wa uhalali, ambao kwa kawaida ni sekunde 1800, yaani nusu saa, na usipofanywa upya kwa tangazo jingine hukoma; hakuna ruta inayopewa utii wa milele kwa sababu iliwahi kusema kweli siku moja. Sharti la tatu, lililo zito kuliko yote, ni kwamba ruta inayoacha kazi kwa utaratibu inapaswa kutuma tangazo la mwisho lenye uhalali wa sekunde sifuri, ambalo maana yake ni kuwaambia wote waliokuwa wakiitegemea kwamba tangu sasa wasiitegemee tena.

Wenye mamlaka wengi, wa serikali na wa dini, wameshindwa sharti hilo la tatu. Kiongozi huona ni rahisi kukubali kwamba atahojiwa, na huona ni vigumu mno kutangaza kwa kinywa chake kwamba uwezo wake umekwisha, hivyo huendelea kupokea wafuasi baada ya njia yake kukatika, na wafuasi hao hugundua upotevu wao wakiwa wamekwisha kupotea.

Lipo pia sharti la ukaribu. Pakiti ya tangazo katika IPv6 hutumwa ikiwa na namba 255 katika sehemu inayohesabu ruta zilizopitiwa, na kila ruta ipitishayo pakiti hupunguza moja. Kifaa hukataa tangazo lolote lililofika na namba pungufu, kwa kuwa limetoka mbali, na wa mbali hana haki ya kujitangaza kuwa mlango wa nyumba hii. Wakipsigis, ambao ndio wenyeji wa Kiptere, walikuwa na taasisi yenye hekima kama hiyo, nayo ni kokwet, baraza la watu wa mtaa mmoja, ambalo J. G. Peristiany alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu maisha ya jamii ya Wakipsigis. Mzee aliyesikilizwa katika kokwet alisikilizwa na watu walioishi karibu naye, waliomwona akilima, akilipa deni na akiamua ugomvi wa ndugu zake, na kwa hiyo neno lake lilipimwa kila siku na macho ya jirani. Kifaa nacho hakikai katika imani ya mwanzo milele, maana baada ya kukubali huendelea kuchunguza kama ruta inafikika, na isipojibu hutafuta nyingine. Hivyo Reid ana haki juu ya hatua ya kwanza na Hume ana haki juu ya hatua zinazofuata.

Kasoro iliyobaki ni kwamba masharti haya yote hayathibitishi ukweli wa moyo. Jirani naye anaweza kudanganya, na itifaki kwa asili yake haimtaki msemaji atoe ithibati ya kwamba ana haki ya kusema. Waraka wa wahandisi wa intaneti wa Februari 2011 kuhusu matangazo batili ya ruta unataja asili zake tatu: msimamizi wa mtandao aliyekosea mpangilio, mtumiaji wa kawaida ambaye kompyuta yake ilianza kutangaza pasipo yeye kujua, na mwovu aliyekusudia kuyapitisha maneno ya watu mbele ya macho yake. Ipo kinga katika swichi, yaani kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao, inayozuia matangazo kutoka milango isiyoruhusiwa. Ipo pia njia ya kutia sahihi za kidijitali, iliyoandikwa mwaka 2005 lakini ambayo haijaenea. Asili mbili kati ya hizo tatu hazina nia mbaya ndani yake, na bado wanaopotea hupotea sawasawa. Nia njema, basi, haimtoshi mwenye kuelekeza.

Wala athari si ndogo, kwa kuwa anayeamua njia huamua maneno ya watu yapite mikononi mwa nani. Kenya ililijua hilo mwaka 2000, pale kituo cha Nairobi cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, KIXP, kilichowezesha ujumbe wa Mkenya kumfikia Mkenya pasipo kuzunguka ng'ambo, kilipofungwa kwa amri ya mdhibiti baada ya malalamiko ya kampuni iliyokuwa na haki ya pekee, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002.

Kwa hiyo msimamizi anayewasha programu ya kutangaza ruta katika shule ya Kiptere, na vilevile mhubiri, mwalimu, mzee wa mtaa na mzazi, wote wanafanya tendo moja la kimaadili, nalo ni kusema mbele ya wasioweza kuhakiki: pitieni hapa. Asiseme hivyo asiyepita mwenyewe, asiseme kwa muda usio na kikomo, na akishindwa awe wa kwanza kulitangaza hilo.