NANI WA KULAUMIWA?

Kijana mwenzangu, simama kidogo usome karatasi hii. Haiulizi kabila lako wala umesoma mpaka darasa la ngapi. Inauliza swali moja tu: mtoto akizaliwa na ugonjwa ambao hakuutafuta, nani wa kulaumiwa?

Naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka 2016, nimetoka tu kwenye kozi ya Biblia, moto unawaka kwelikweli, niliitwa nyumba moja kumwombea mtoto wa miaka sita. Macho ya njano, analia usiku kucha maumivu ya mifupa. Mimi bila kuuliza lolote nikamgeukia mama yake, mbele ya mumewe, nikasema, "Mama, kuna dhambi imefichwa humu ndani. Itubu, mtoto apone!" Yule mama akanyamaza. Mumewe akamtazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Baadaye hospitali wakasema ni selimundu, wengine huita sikoseli. Elimu yangu ni ya msingi tu, kemia ya mwili sikuisoma. Ikabidi nimfuate mwalimu wa sayansi, jirani yangu, anieleze polepole kama mtoto. Sasa sikiliza nilichojifunza.

Mwili wako, ndugu yangu, asilimia kama 96 ya uzito wake ni vitu vinne tu: oksijeni, kaboni, haidrojeni na naitrojeni. Hivyo hivyo vimo kwenye mahindi na kwenye kuku! Tofauti ni namna vilivyoungwa. Chukua protini. Ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Shanga hizo huitwa asidi amino, na mwili unatumia aina 20 tu kutungia. Ukizipanga hivi unapata msuli, ukizipanga vile unapata unywele. Ukizipanga vingine unapata himoglobini, ile inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na kuifanya damu iwe nyekundu.

Himoglobini moja ina nyuzi nne, jumla shanga 574. Na seli moja nyekundu ya damu imebeba himoglobini kama milioni 270. Kaa chini uhesabu, uone kama utamaliza!

Sasa, kwenye uzi unaoitwa beta, wenye shanga 146, shanga ya sita inatakiwa iwe asidi ya glutamiki. Kwa mtoto yule imekaa valini. Basi! Ni herufi moja tu imebadilika kwenye maandishi ya vinasaba, yaani DNA. Lakini glutamiki inapatana na maji, valini inayakimbia. Himoglobini ikishatoa oksijeni yake, ile valini inatafuta pa kujificha, inanasa kwenye himoglobini ya jirani, nayo inanasa nyingine, mpaka zinakuwa fimbo ndefu ndani ya seli. Seli iliyokuwa ya mviringo inapinda kama mundu. Inaziba mishipa midogo, na hapo ndipo mtoto anapolia mifupa. Tena seli ya kawaida huishi siku kama 120, hii huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo yale macho ya njano niliyoyaona nikadhani ni pepo.

Mambo haya hayakujulikana zamani. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti. Miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, Uingereza, akaikamata shanga yenyewe.

Nikamwuliza, "Sasa mwalimu, nani aliikosea shanga hiyo?" Akaniambia mtoto ameipokea kwa baba na kwa mama, wote wawili. Nikashtuka. Kumbe na baba! Mwenye nakala moja kwa kawaida haugui, hata hajui kama anayo. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Yule baba aliyemkodolea macho mkewe, nusu ya jambo lile ilitoka kwake.

Labda utasema, basi ni laana ya ukoo. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini mwaka 1954 Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti wake Afrika Mashariki kwamba mwenye nakala moja ana kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana nakala hiyo ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu. Huenda babu yako alipona utotoni kwa shanga hiyo hiyo. Utaiitaje laana?

Je, hakuna wa kulaumiwa kabisa? Hapo usikimbilie. Shanga haina dhamiri. Lawama humpata mtu aliyejua, au aliyeweza kuuliza akakataa. Mama yule hakujua. Babu hakujua. Lakini mimi nilikuwa na mdomo, na nilikuwa na hiari ya kuufunga. Na wewe leo umeshajua. Kipimo cha damu kipo. Mkipima kabla ya kuoana mkakuta wote mnayo nakala, mtaamua wenyewe, siwezi kuwaamulia kwenye karatasi. Lakini ukikataa kupima kwa kuogopa majibu, halafu kesho mtoto akaugua ukamfukuza mkeo, usimsingizie mchawi! Tena mpeleke mtoto kliniki, dawa ya haidroksiurea inawapunguzia wengi maumivu. Ombea mtoto, lakini nauli ya kliniki itoe.

Mwaka 2019 nilirudi kwenye nyumba ile. Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi kwa neno nililosema." Akanipa kiti. Akasema, "Mwinjilisti, mimi nilikusamehe siku ile ile. Ila baba yake alikuamini. Aliondoka wiki ile, na hajarudi." Mtoto akaingia kutoka shuleni na chupa yake ya maji, akaniamkia, "Shikamoo." Nilichelewa kuitikia.