Haki ya Kila Kipande

Fedha nyingi huficha tabia ya mtu. Fedha chache huifunua. Tajiri akikosea katika kununua, kosa lake hufunikwa na ununuzi wa pili. Maskini akikosea, kosa lake hukaa naye nyumbani, na kila siku humtazama usoni. Kwa sababu hii, namna ya kutumia fedha chache si swali la hesabu peke yake. Ni swali la adili pia. Hesabu humwambia mtu anacho kiasi gani. Adili humwambia kila kitu kinastahili kiasi gani katika hicho alicho nacho.

Mfano mzuri wa swali hili hupatikana katika jambo ambalo wazee wengi wangelidharau. Kijana wa Marangu ataka kuunda kwa mikono yake kompyuta yake ya kwanza ya kuchezea michezo. Amekusanya fedha zake kidogo kidogo. Pengine ni ujira wa kubeba mizigo ya wageni wapandao Kilimanjaro. Pengine ni sehemu aliyopewa katika malipo ya kahawa ya nyumbani. Pengine ni faida ya kibanda cha kutengeneza simu. Fedha hizo hazitoshi kununua kila atakacho, wala si chache kiasi cha kutonunua kitu. Baina ya kutosha na kutotosha ndipo busara hufanya kazi yake.

Wahenga walisema kuwa ukiona vyaelea vimeundwa. Kompyuta nayo imeundwa, tena kwa namna inayomruhusu mtu wa kawaida kuiunda. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa kompyuta yake ya watu binafsi, ilitumia vipande vingi vya makampuni mengine, na mpango wa mashine ile ukajulikana. Wengine wakaiga, wengine wakatengeneza vipande vya kuongezea. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ikatoa kipimo kiitwacho ATX, ambacho kiliweka umbo la ubao mama, mahali pa skrubu zake, na namna ya kuupelekea umeme. Tangu hapo vipande vya watengenezaji wasiojuana viliweza kukaa pamoja katika kasha moja, vikafungwa kwa bisibisi moja. Uhuru wa kijana wa Marangu umejengwa juu ya mapatano hayo. Lakini hakuna uhuru usiokuwa na mzigo. Anunuaye kompyuta nzima hununua pamoja nayo hukumu ya mtu mwingine. Aiundaye mwenyewe hana wa kumlaumu.

Vipande vyenyewe si vingi. Kichakataji huhesabu; kadi ya michoro huchora. Kumbukumbu ni meza ya kazi, na diski ni ghala. Ubao mama ni uwanja ambao wote hukutana juu yake. Kifaa cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, ni jiko liwalishalo wote. Kasha ni nyumba yao. Kila kimoja kina bei ya chini na bei ya juu, na baina ya bei hizo mbili pana uwanja mpana wa tamaa. Kijana asimamaye katika uwanja huo bila ya kipimo hupotea upesi.

Watu wa Marangu hawana haja ya kwenda mbali kutafuta kipimo. Mababu zao walichimba mifongo, wakayatoa maji katika vijito vya mlima na kuyapitisha ubavuni mwa vilima hadi vihambani, penye migomba na kahawa, kila mwenye haki akipata zamu yake. Mfongo ukiwa mwembamba mahali pamoja, upana wa mahali pengine pote haufai kitu. Mwenye kihamba cha chini aweza kupanua mfereji wake hata ukafanana na mto. Bado atapata maji yale yale yaliyopenya katika wembamba wa juu. Jasho lake limepanua ardhi, halikuongeza maji.

Kompyuta ni mfongo wa namna nyingine. Katika mchezo, kichakataji huiandaa kila picha, kadi ikaichora, na skrini ikaionyesha. Aliye mwepesi humngoja aliye mzito. Kadi ya fahari ikifungwa pamoja na kichakataji dhaifu, hukaa bure muda mwingi ikingoja kazi. Skrini ya herzi 60 haiwezi kuonyesha zaidi ya picha 60 kwa sekunde. Kadi ichorayo picha 150 mbele ya skrini hiyo imechora picha 90 ambazo jicho halizioni. Fedha zilizonunua picha hizo zimetupwa gizani. Kwa hiyo mwenye busara huanza mwisho, si mwanzo. Kwanza hujiuliza atacheza michezo gani, na mbele ya skrini ya namna gani; ndipo huhesabu nguvu inayohitajiwa. Mpira wa miguu juu ya skrini ya nukta 1920 kwa 1080 hauhitaji mashine ya kuzichorea picha sinema.

Hapa kosa la pili hungoja njiani. Yupo adhaniye kuwa haki ni usawa, akazigawa fedha zake mafungu yaliyo sawa. Akifanya hivyo, kadi ya michoro itakufa njaa na kasha litanenepa. Haki ya vipande ni kama haki ya watu wa nyumba moja: mtoto mchanga na mkulima hawapewi sahani moja, na hakuna aliyedhulumiwa. Katika mashine ya michezo kazi nzito zaidi ni kuchora, basi kadi hustahili fungu kubwa, ambalo aghalabu ni theluthi ya fedha zote au zaidi. Kumbukumbu ya gigabaiti 16 yatosha kwa michezo mingi, na vipande viwili vya gigabaiti 8 aghalabu hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa njia mbili hupitisha mengi kuliko njia moja. Hewa ya Marangu ni ya baridi kuliko ya Moshi mjini au Dar es Salaam. Feni ya kawaida hupoza vya kutosha, na kifaa cha kupozea kwa maji ni pambo la bei kubwa. Hata hivyo bei hazimtii mnunuzi. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda sana duniani, kwa sababu majumba makubwa ya kompyuta za akili mnemba yalizitaka kwa wingi. Hivyo ndivyo haja ya wakubwa wa mbali inavyogusa mfuko wa kijana aliye chini ya migomba. Hawezi kuizuia, aweza tu kujua la kupunguza kwanza.

La kupunguza kwanza ni fahari. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na katika soko la kompyuta, vinavyojitembeza sana ni kasha la kioo na taa za rangi. Taa haziongezi picha hata moja. Lakini macho ya rafiki hufika kwenye taa kabla ya kufika kwenye kazi, na kijana hupenda kusifiwa. Fedha zikipungua, mkono wake hukimbilia kupunguza kisichoonekana. Nacho ni pawa saplai, iliyofichwa pembeni mwa kasha, isiyotajwa katika masimulizi ya wachezaji, isiyoongeza mwendo wa mchezo wowote. Hukuta moja ya bei ndogo yenye kibandiko kidaicho wati 600, naye hukiamini kibandiko.

Huu ndio mtihani wa kweli wa tabia yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Umeme ukiruka au kurudi kwa kishindo, pawa saplai njema hujikata na kuwakinga wenzake; mbovu hupitisha madhara hadi kwenye ubao, kadi na diski, na huweza kuwasha moto. Moto haubagui baina ya chumba cha mchezaji na chumba cha mama yake. Hata alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, hushuhudia kuwa kifaa hakipotezi umeme mwingi. Haishuhudii kuwa kina kinga zote. Hivyo sharti ichunguzwe sifa ya mtengenezaji na maneno ya waliokipima. Ubahili ukimdhuru bahili peke yake huweza kusamehewa kwa jina la uwekevu. Ukiweza kuwadhuru walalao chini ya paa lake, huo ni dhuluma.

Pana njia nyingine ya kupunguza, nayo ni vitu vilivyotumika. Katika maduka ya Kariakoo hupatikana kompyuta zilizostaafu katika ofisi za nchi za mbali, na bei yake huvutia. Nyingi bado zina nguvu, na kuzitumia ni kuiokoa dunia na takataka. Lakini nyingi zina ubao na pawa saplai za umbo la kampuni moja, zisizoweza kubadilishwa kwa vipande vya kawaida, na hazina waya wa kulisha kadi kubwa. Tena programu ya Windows 10 iliachwa bila ya matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haivikubali rasmi vichakataji vingi vya Intel vilivyotangulia kizazi cha 8. Kadi za michoro nazo zina historia. Mwezi wa Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Kuinunua kadi ya namna hiyo si kosa. Kosa ni la muuzaji aujuaye ubovu akaunyamazia. Kwa hiyo mnunuzi atakaye kuiona kadi ikifanya kazi mbele ya macho yake hamtukani mtu. Anaulinda ukweli baina ya wawili. Ikumbukwe pia kuwa kutoka Marangu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 500. Kipande rahisi kilichoharibika huko mbali kina nauli mbili juu ya bei yake; dhamana ya duka la karibu yaweza kuwa rahisi zaidi kuliko punguzo la bei.

Mwenye fedha chache afanye jambo jingine la hekima: aache mlango wazi kwa kesho. Tundu la AM4 la kampuni ya AMD lilipokea vichakataji vya Ryzen vya mwaka 2017, na vingine vilivyotoka mwaka 2022 vikaweza kukaa katika mbao nyingi za tundu lilo hilo, baada ya kusahihishwa programu zao. Walioanza na kichakataji kidogo waliweza kukikuza bila ya kutupa ubao. Umaskini wa leo si aibu ikiwa haukuifunga riziki ya kesho.

Sasa na isikizwe hoja ya wazee, kwa kuwa ina uzito. Husema kuwa fedha hizi zingalinunua ndama wa maziwa, au zingalilipa ada ya mtoto. Mchezo una faida gani? Jibu la haki haliwezi kuwa kwamba mchezo ni kazi. Mchezo ni mchezo. Waswahili wamecheza bao kwa vizazi vingi, wakijenga akili na urafiki kivulini, wala hakuna aliyesema kuwa kete zimewala watoto wao. Mtu asiye na mchezo hujiona ni chombo, na chombo hakina furaha. Lakini furaha ina mlipaji, na haki huuliza mlipaji ni nani. Mchezo ulionunuliwa kwa jasho la mchezaji, baada ya wajibu wake, ni halali yake. Mchezo ulionunuliwa kwa ada ya mdogo wake ni wizi uliovaa nguo ya furaha.

Upo na udanganyifu mwepesi unaopita kila mahali bila ya kukamatwa. Kijana huwaambia baba na mama kuwa kompyuta ni ya masomo. Ni kweli kuwa mashine ile ile yaweza kuandika, kuchora ramani za nyumba na kutunza hesabu za ushirika. Ni kweli pia kuwa mikono iliyoifunga imejifunza kitu ambacho madarasa mengi hukisema tu. Lakini nusu ya ukweli iliyotolewa ili kupata fedha ni uongo mzima. Heri aseme, "Nataka kucheza, na hili ndilo nililolitolea jasho," akakataliwa, kuliko kupata kwa hila. Kompyuta iliyoanza kwa hila hujengwa na kipande kibovu kisichoweza kubadilishwa dukani.

Yamkini mtu atasema kuwa adili hizi ni za wenye nafasi, na kuwa maskini hununua anachokipata. Maneno hayo yana ukweli. Haifai kumhukumu mwenye shilingi chache kwa kipimo cha mwenye nyingi. Lakini hata asiyeweza kuchagua kilicho bora aweza kuchagua cha kutanguliza. Aweza kungoja mwezi mmoja apate pawa saplai salama. Aweza kucheza michezo ya zamani kwa kadi ndogo, na kuongeza kadi mavuno yakijibu. Subira ni mali ambayo soko haliwezi kuipandisha bei.

Basi kompyuta iliyoundwa vizuri kwa fedha chache haijulikani kwa kung'aa. Hujulikana kwa kuwa hakuna kipande kinachomngoja mwenziwe bure, hakuna kilichonyimwa ili kingine kisifiwe, na kile kisichoonekana kilipewa haki yake kabla ya vile vinavyoonekana. Nyumba za watu hujengwa hivyo, na nchi za watu hujengwa hivyo. Mwenye kujifunza hayo katika mchezo, hakucheza bure.