Siku ya Tatu ya Mgeni

Methali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi twaitumia kumsuta mgeni mvivu. Lakini, wasomaji wapenzi, itazameni vema. Neno "mpe" haliambiwi mgeni, laambiwa mwenyeji. Ni yeye atakayeulizwa jembe liko wapi.

Twasema haya tukiwafikiria wakimbizi. Mwaka 1972 maelfu ya watu wa Burundi walikimbia mauaji wakaingia Tanzania. Serikali iliwapa makazi Katumba na Ulyankulu, na tangu mwaka 1978 Mishamo. Palikuwa pori lenye mbung'o. Kila jamaa ilikatiwa shamba, kwa kawaida hekta 5, ikapewa zana na mbegu, pamoja na chakula cha kuingojea mavuno. Mambo hayakunyooka kila mahali: ardhi na maji ya Ulyankulu havikuwatosha watu, wengine wakahamishiwa Mishamo. Hata hivyo, kufikia mwaka 1985 watu wa makazi hayo walikuwa wakijilisha wenyewe, wakiuza mazao yao na kulipa kodi.

Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilikuwa habari nyingine. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baadaye ikapokea Warundi pia. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi hakuruhusiwa kupita kilomita 4 nje ya kambi pasipo kibali. Aliishi kwa posho ya unga, mafuta na chumvi. Posho huokoa maisha, nasi hatuidharau. Lakini mwaka 2017 Shirika la Chakula Duniani lilipopungukiwa na fedha, posho ilipunguzwa, na baba hakuwa na la kufanya ila kuwaambia watoto wangoje.

Hapo ndipo lilipo jeraha lenyewe. Mtoto hafundishwi na maneno ya mzazi peke yake. Hufundishwa kwa kumwona akipalilia, akitenga mbegu za mwaka ujao hata kama nyumba ina njaa, akikopa na kulipa. Yule ambaye tangu kuzaliwa amemwona baba yake katika foleni tu, kadi mkononi, atamtii kwa sababu gani? Tumemshibisha mtoto, nasi tumemnyang'anya mzazi. Mwaka 1952 Baba Mtakatifu Pius XII, katika waraka wake Exsul Familia, aliitaja Jamaa Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa jamaa zote za wakimbizi. Yosefu alikuwa seremala. Twadhani huko Misri alihitaji mbao kuliko sadaka.

Wako wanaotujibu: mkimpa jembe, hatarudi kwao. Hofu hii si ya kipuuzi. Mwaka 2007 watu wa makazi yale ya zamani walipoulizwa, wanne katika kila watano walichagua kubaki, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania. Naam, jembe lilitia mizizi. Lakini wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Je, ingekuwa haki kuwalea watu miaka 35 bila mizizi, ili tu iwe rahisi kuwang'oa? Nao waliorudi Burundi walirudi na mikono iliyozoea kazi.

Jibu la wanavijiji wa Kasulu na Kibondo ni zito zaidi. Wameona misitu yao ikikatwa kuni, na wao wenyewe ni maskini. Kumwambia mkulima wa huko atoe jembe peke yake ni kumwonea. Mataifa tajiri yaliyozoea kuleta magunia ya unga yana deni hapa: yalete mbegu na barabara, yachimbe visima ambavyo mwenyeji na mgeni watateka pamoja, na palipo kambi pawe na soko ambamo Mrundi atauza mihogo na Muha atauza maharagwe, kila mmoja kwa bei aliyoikubali mwenyewe.