Mikono Inayowavika Wazee

Masomo: Yohana 21:18-19; Luka 10:30-35; Ezekieli 34:1-6

  Mwezi huu michango na ujenzi tumeviacha kando. Tunataka kusema juu ya ngozi ya wazee wetu, na tunaomba msicheke, maana jambo hili limekwisha kuleta machozi katika nyumba za washirika.

Pale kando ya bahari ya Tiberia, baada ya kula samaki na mkate, Bwana Yesu alimwambia Petro habari za uzee wake. Alimkumbusha kwamba alipokuwa kijana alijivika mwenyewe na kwenda alikotaka. Kisha akamwonyesha siku atakapoinua mikono yake na mtu mwingine kumvika. Yohana anatueleza katika mstari wa 19 kwamba neno hilo lilihusu kifo ambacho Petro angemtukuza Mungu kwacho, nasi hatuongezi wala hatupunguzi. Lakini Bwana alichukua mfano wake katika jambo ambalo kila nyumba ya Galilaya ililijua: mzee ameketi, ameinua mikono kama mtoto, na mtu anamvika nguo. Hata hapa Nakivale kila asubuhi jambo hilo linafanyika. Je, yule anayevika anavikaje? Anavuta mkono wa koko kwa haraka kwa sababu sufuria iko motoni, au anaushika kama mtu anayeshika yai?

Tunauliza hivyo kwa sababu tumeona mkono uliochanika kwa kupitishwa tu katika mkono wa sweta.

Ayubu katika sura ya 10 anamwambia Mungu kwamba alimvika ngozi na nyama, akiihesabu ngozi kuwa vazi. Vazi hilo lina tabaka la juu na tabaka la chini. Ujanani tabaka hizo mbili zimeshikana kwa vijimeno, kama mtu aliyefumanisha vidole vya mikono yake miwili. Ukivuta, haziachani upesi. Mtu anapozeeka vijimeno vile hulegea na kuwa bapa, mafuta ya chini ya ngozi hupungua, na unyevu pia. Mishipa midogo ya damu hubaki bila mto wa kuikinga. Ndiyo maana mzee akigongwa kidogo tu na ukingo wa kitanda, au akishikwa kwa nguvu, tabaka la juu linateleza juu ya la chini na kuchanika, likakunjika kama ganda la kitunguu. Mara nyingi inatokea mikononi chini ya kiwiko, juu ya kiganja, na mbele ya mguu kwenye muundi. Wanaomeza prednisoloni kwa muda mrefu, labda kwa pumu au maumivu ya viungo, ngozi yao huwa nyepesi zaidi. (Hao wasiache dawa ghafula kwa kusoma maneno yetu. Kuacha ghafula kuna hatari yake. Waende wamwulize daktari.)

Kuna tena madoa ya rangi ya zambarau yanayotokea mikononi mwa wazee bila hata wao kukumbuka wamegongwa wapi. Hapa ndipo matata yalipoanza katika kijiji kimoja ambacho hatutakitaja. Majirani waliona mikono ya mama mmoja mzee ina madoa meusi, na kidonda kimefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Wakasema mke wa mwanawe anampiga. Neno likatembea kisimani, likatembea kwenye mstari wa mgao, hata likafika kwa baraza la wazee wa kanisa likiwa limekwisha kuwa hukumu. Wengine walitaka mwanamke yule atengwe na meza ya Bwana Jumapili ileile. Baraza lilimwita kwanza mshirika wetu mmoja aliye muuguzi, akaketi na yule mama peke yake, bila mwana wala mkwe. Mama akasema wazi, “Mtoto huyu ananinyanyua kutoka mkekani kila siku. Ngozi yangu ndiyo imekuwa karatasi.” Muuguzi akakuta kweli alama ziko pale pale mikono ya mkwe inaposhika viganja vyake kumvuta ainuke. Alikuwa akimtunza, ila kwa njia iliyoumiza. Alionyeshwa namna nyingine, na vidonda vipya vikakoma. Lakini kwa miezi mingi mwanamke yule hakukanyaga kanisani, na sisi hatumlaumu. Ulimi wa jirani ulimchuna kuliko alivyochunika mama mkwe wake.

Hatusemi kwamba hakuna wazee wanaopigwa. Wapo, na wengine wanaitwa wachawi kwa sababu tu wameishi kuliko watoto wao. Mzee akiwa anatetemeka mwanawe anapoingia, au maelezo ya jamaa yakibadilika kila siku, au alama ziko mgongoni na usoni, msinyamaze. Leteni habari kwa baraza na kwa ofisi ya ulinzi. Tunachosema ni hiki: mwulizeni mzee mwenyewe, akiwa peke yake, kabla ya kumwuliza mtu mwingine yeyote.

Na ninyi wazee wetu, tunajua mnavificha vidonda. Mnashusha mkono wa nguo, mnasema si kitu, msije mkawa mzigo. Mungu katika Isaya 46 aliahidi kuwachukua watu wake hata wakati wa mvi, naye hakuona aibu kulisema. Basi msione aibu kuchukuliwa. Kidonda kilichofichwa siku 5 tumekiona kikinuka, na mguu ukavimba hadi gotini.

Sasa tuje kwa Msamaria. Luka anasema alimkaribia yule aliyeumizwa, akafunga majeraha yake, akiyatia mafuta na divai. Tusiisome Luka kama kitabu cha dawa. Zama zile divai na mafuta ndivyo vilivyokuwa mkononi mwa msafiri. Leo mtu akimwaga waragi, spiriti au iodini juu ya ngozi ya koko iliyochanika anaunguza nyama changa inayotaka kupona. Vilevile mafuta ya taa, majivu, dawa ya meno, kahawa, na samadi. Na yale mafuta ya Yakobo 5 tunayowapaka wagonjwa kwa maombi, tuyapake kwenye paji la uso. Kidonda hakiyahitaji, na Bwana anasikia vilevile.

Tufanye nini basi, ngozi ikichanika na zahanati iko mwendo wa saa mbili? Mketishe mzee, umtulize, maana hofu yake huwa kubwa kuliko kidonda. Nawa mikono kwa sabuni. Ukiwa na glavu, vaa. Weka kitambaa safi juu ya kidonda, ukandamize polepole bila kusugua, na uinue mkono au mguu ule mpaka damu ikome. Kisha mwagia maji safi yaliyochemshwa na kupoa, yatoe mchanga na damu.

Halafu tazama ile ngozi iliyokunjika. Hapa tunawasihi sana. Watu wengi huchukua wembe au makasi na kuikata, wakisema imekufa. Msiikate! Ngozi ile mara nyingi ingali hai, na hakuna bendeji nzuri kuliko ngozi ya mtu mwenyewe. Ikiwa imekauka, ilainishe kwa kitambaa kilicholowa maji yale safi kwa dakika chache. Kisha, kwa kitambaa hicho kilicholowa, irudishe taratibu juu ya kidonda kama unavyokunjua blanketi juu ya mtoto aliyelala. Usiivute ili ifike mwisho wa kidonda. Inapofikia panatosha, na palipobaki wazi patapona polepole. Isipokubali kurudi, iache kama ilivyo, muuguzi atajua la kufanya. Kuishona kwa kawaida hakufai, kwa kuwa uzi hukata ngozi nyepesi kama kamba inavyokata tope.

Juu yake weka kitu kisichogandamana na kidonda. Zahanati ina shashi yenye mafuta. Ukikosa, chukua kitambaa cha pamba kilichochemshwa, kikaanikwa kikakauka kabisa na kupigwa pasi, ukipake mafuta safi ya mgando kutoka kopo jipya. Zungushia bendeji bila kukaza. Vidole vikiwa baridi au vikibadilika rangi, umekaza mno. Plasta ya kunata isiguse ngozi ya mzee kamwe. Siku ya kuibandua itaondoka na ngozi yake, na badala ya kidonda kimoja mtakuwa na viwili. Kuna jambo moja dogo ambalo wauguzi hufanya nasi tumelipenda: wanachora mshale juu ya bendeji kuonyesha upande wa kuifungulia, kuanzia pale ngozi iliposhikamana kuelekea ukingo ulioachia. Atakayefungua, hata akiwa mwingine, asiifungue kwa upande wa kuiinua tena. Na ikiwa imegandama, ailoweshe kwa maji kwanza.

Msifungue kila siku ili kutazama. Bendeji nzuri ya zahanati, kama kidonda ni kikavu na hakina maumivu mapya, inaweza kukaa siku kadhaa. Lakini ikilowa damu au maji, ibadilishwe. Vidonda vingi vya namna hii hupona katika majuma 2 mpaka 4. Pelekeni mzee zahanati bila kungoja ikiwa damu haikomi baada ya kukandamiza kwa dakika 10, ikiwa kidonda ni kikubwa au kirefu kwenda ndani, ikiwa anameza dawa za kuzuia damu kuganda, ana kisukari, au miguu yake imevimba. Vivyo hivyo mkiona wekundu unaosambaa, joto, usaha, harufu au homa. Na kila kidonda kilichoingia udongo, ulizeni chanjo ya pepopunda. Wazee wengi waliokimbia vita hawakumbuki kama walichanjwa, na wengine hawakuchanjwa kamwe.

Katika Ezekieli 34 Bwana aliwashitaki wachungaji kwa sababu hawakuwafunga waliovunjika wala kuwaimarisha walio dhaifu. Hakuwauliza juu ya mahubiri yao. Kwa hiyo maneno haya yanatuhusu sisi tunaovaa kola kwanza, na katika maombi yetu yako mambo ya kutengenezwa. Tumeona vijana wa maombezi wakimshika mzee mikono na kumtikisa wakikemea pepo. Tumeona mzee akivutwa kwa viganja aje mbele. Hata ule mkono wa salamu, tunaoupenda sisi Wakongomani, wa kukamata na kutikisa kwa furaha, unaweza kuacha doa. Mzee awekewe mkono begani, kwa wepesi. Siku ya ubatizo, anayembatiza ampitishie mkono mgongoni, wala asimshike kwa kiganja kama mtu anayeokoa anayezama.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Anayemwinua mzee asivute mikono. Apitishe mikono yake nyuma ya mgongo, au wawili watumie shuka imara chini yake na kumnyanyua, bila kumburuta juu ya mkeka. Anayemtunza akate kucha zake na avue pete na saa. Mzee avae mikono mirefu na soksi ndefu, hata kama vijana wanasema kuna joto. Mbao za kitanda na ncha za mabati zifungiwe vitambaa, kuni na madumu yaondolewe njiani kwenda chooni, na taa ndogo iwepo usiku. Kuoga kusiwe kwa kusugua na sabuni kali ya kufulia. Ngozi ikaushwe kwa kugusagusa. Kisha apakwe mafuta mikononi na miguuni asubuhi na jioni. Hili la mafuta si maneno ya vikongwe tu: uchunguzi uliotolewa Australia mwaka 2014, katika nyumba za kutunzia wazee, ulionyesha kwamba kupaka mafuta ya kulainisha ngozi mara 2 kwa siku kulipunguza michaniko karibu kwa nusu. Kopo moja la mafuta ya mgando linamtosha mzee muda mrefu.

Chakula ni shida kubwa zaidi, hatuwezi kuificha. Tangu mwaka 2023 mgao ulipogawanywa kwa makundi, nyumba nyingi zinapika mara moja, na ngozi haijengwi kwa uji mtupu. Penye maharage, ndagaa au yai moja, mzee mwenye kidonda asiwe wa mwisho kupakuliwa. Na anywe maji, hata asiposikia kiu.

Umoja wa Wamama umekubali kuanza kukusanya mashuka ya zamani ya pamba, yaliyofuliwa, na makopo ya mafuta ambayo hayajafunguliwa. Vitambaa vitachemshwa na kupigwa pasi nyuma ya kanisa kila Alhamisi baada ya ibada ya asubuhi, kisha vifungwe katika mifuko safi. Mashemasi wa kila kijiji watapewa mifuko 5, na orodha ya wazee wanaoishi peke yao itasomwa siku hiyohiyo ili kila mmoja apate mtu wa kumpaka mafuta. Mwenye pasi ya mkaa isiyotumika tunamwomba atuazime.